Barafu hadi mvuke: tazama vile themomita inasimama

Karibuni tena wapendwa, leo tunatoa barafu kwa friza tunaipeleka mpaka iwe mvuke, hapa hapa jikoni, na kazi yako kubwa ni kutazama themomita.

Tafuta ile ya maabara inayofika digrii 110, si ya kupima homa, hiyo huishia 42 na kwa maji moto itapasuka. Funga barafu kwa kitambaa, igongegonge iwe vipande vidogo, weka kwa sufuria na maji baridi kidogo. Washa gesi, moto mdogo kabisa tafadhali.

Haya koroga polepole na kijiko huku unasoma. Iko 0, si ndio? Ngoja. Moto unawaka, barafu inapungua unaiona, na bado ni 0! Wengi hapa hudhani themomita imeharibika lakini iko sawa kabisa, joto lote linaenda kuachanisha chembe za barafu zilizokuwa zimeshikana kwa hivyo hakuna linalobaki la kupandisha digrii. Gramu moja ya barafu inakula jouli 334 ndio igeuke maji, na hayo maji bado yako digrii 0. Kwa kemia yote hakuna kitu naipenda kama hii.

Barafu ikiisha tu, inaanza kupanda. Ongeza moto sasa, lakini ncha isiguse chini ya sufuria, chuma ina joto kushinda maji, itakudanganya.

Ikichemka inasimama tena, soma vizuri: 94 hivi, haifiki 100. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yetu inakandamiza maji kidogo kuliko ya Mombasa, basi chembe zinatoroka mapema, na hiyo ndio maana githeri huku inakaa sana motoni. Kwa mtihani wakisema usawa wa bahari, andika 100.

Mwisho chukua kifuniko kikavu, baridi, kishikilie juu na kitambaa kwa sababu mvuke unachoma vibaya kuliko hayo maji. Ona matone yanajipanga, gesi imerudi maji. Na ile nyeupe inayopaa juu ya sufuria ni matone madogo tayari, mvuke wenyewe hauonekani.

Zima gesi. Themomita usiimwagie maji baridi saa hii, iache ipoe yenyewe.