Uzi, timazi na gari la kujitengenezea

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tupo uani kwa kaka Hamisi, hapa Shangani, Mtwara, mbele ya gari alilojiundia mwenyewe: viti viwili, halina paa, chasisi ya mabomba ya pembe nne, injini ya Corolla KE70. Kaka, tairi hili la mbele limepatwa na nini?

HAMISI: Pitisha kiganja, dada. Toka nje, ingia ndani.

ZUHURA: Laini.

HAMISI: Haya, rudisha.

ZUHURA: Mmh! Linakwaruza kama magamba ya changu.

HAMISI: Basi ujue pua za tairi, yaani ncha zake za mbele, zilitazama ndani mno. Tairi linazunguka huku linaburutwa ubavu. Limeniuma sana, maana tairi lilikuwa jipya. Na mkao wa tairi nilipima! Ila nilipima gari likiwa tupu.

ZUHURA: Mtu mmoja akikaa ndiyo vibadilike?

HAMISI: Gari jepesi hili. Nikikaa linashuka, na tairodi, ile fimbo ya usukani inayogeuza tairi, haichori duara moja na mikono inayobeba tairi, kwa hiyo pua zinahama. Sasa hivi naweka viroba vitatu vya mchanga, kilo 25 kila kimoja, pale kwenye kiti changu. Upepo wa tairi nao nauweka sawa kwanza.

ZUHURA: Gari la Lotus Seven, lile la Colin Chapman la mwaka 1957, Waingereza wengi waliliunganisha wenyewe nyumbani. Wewe mashine ya kupimia huna. Unatumia nini?

HAMISI: Vya fundi mwashi: uzi, timazi, pima maji. Chini ya kila tairi la mbele naweka vigae viwili vyenye grisi katikati, ili tairi liteleze likae linapotaka. Halafu naanza na kemba, yaani mlalo wa tairi ukilitazama kwa mbele. Timazi inaning'inia kando ya rimu, napima juu, napima chini. Kwa rimu ya inchi 13, tofauti ya karibu milimita 6 ni digrii moja.

ZUHURA: Na pua?

HAMISI: Mwisho kabisa! Ukigusa kemba, pua zimehama tena. Navuta uzi kila upande wa gari. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanaulaza uzi kwenye tairi la nyuma. Uzi uwe sambamba na mstari wa kati wa gari: umbali hadi katikati ya kila gurudumu, kushoto na kulia ulingane. Kisha napima kwenye rimu, ukingo wa mbele na wa nyuma. Wa mbele ukiwa mbali na uzi kwa milimita 1 zaidi, pua imeingia milimita 1. Kila upande hiyo moja inanitosha.

ZUHURA: Rimu ikiwa imepinda?

HAMISI: Sukuma gari hadi gurudumu lizunguke nusu, pima tena, chukua wastani. Na tairodi uzizungushe sawasawa pande zote, la sivyo usukani unakaa upande.

ZUHURA: Jana tukienda Mikindani lilivuta kushoto.

HAMISI: Barabara yenyewe imeinamia pembeni imwage maji, na sisi tunapita kushoto. Tutalijaribu pa tambarare kabla sijagusa nati. Hebu shika ncha hiyo ya uzi, dada. Usiguse tairi.