Bahari ni yetu sote, lakini tunapitia wapi?

Nyinyi mliosimama nyuma sogeeni, kuna viti hapa mbele. Haya. Leo tunaongea Pwani tukiwa Nairobi na nimetaka iwe hivyo, juu plani kubwa za Pwani nyingi zinaamuliwa huku, pesa zinatoka huku, na Desemba ikifika ni nyinyi mnajaza treni kushuka Mombasa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya pale maji yanafika yakijaa na pale yanafika yakikupwa ni ardhi ya umma. Kwa hivyo ule mchanga ni wako hata kama huna ndururu mfukoni. Shida ni kuufikia. Pita Diani ama Nyali, unaona ukuta, geti, ukuta, geti, soja anakuuliza unaenda kwa nani, na bahari unaisikia tu iko hapo nyuma. Njia ya umma iliyokuwa kwa ramani mtu amejenga juu yake, ama ameiwekea geti anasema ni ya usalama. Kanuni za upimaji zinasema serikali ikipima ardhi yake ya ufuoni ili igawe, kwa kawaida iache mita 60 kutoka pale maji yanapojaa, lakini hizo hizo kanuni zinamruhusu waziri kupunguza, halafu zinahusu ardhi ambayo bado haijagawanywa. Ile iligawanywa kitambo ndio hiyo mnaona na kuta.

Sasa watu wakisikia kuhifadhi mji wa kale wanafikiria milango ya nakshi na roshani, wanapiga picha, basi. Mi nawaomba muangalie njia. Lamu, ambayo UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2001, vichochoro vyake vinashuka mpaka baharini, mtu hata akiwa maskini kabisa anatoka kwake anafika majini bila kuomba ruhusa. Mji wa Kale Mombasa kuna ngazi za Leven zinazoshuka mpaka kwa maji. Huo mji ulijengwa ukitegemea bahari, ukifunga njia ya bahari hata ukipaka kuta rangi vizuri vipi umebakisha maganda.

Na hizo nyumba zenyewe, jameni. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko. Chokaa inaacha ukuta upumue, unyevu unaingia na kutoka, sasa mtu anakuja na simiti juu ni rahisi na fundi yuko kila kona, unyevu unafungiwa ndani, plasta inaanza kubanduka, boriti zinaoza, na baada ya muda anaambiwa nyumba ni hatari ibomolewe. Halafu nyumba ni ya urithi, warithi ni wengi, hakuna mmoja mwenye pesa ya kurekebisha, anatokea developa na cheki. Hiyo familia siilaumu hata kidogo. Serikali ikitangaza nyumba ni ya kuhifadhiwa na isisaidie hata na fundi wa chokaa, mzigo wa urithi wa taifa zima imemwekea nyanya mmoja kichwani.

Sijakuja kusema tusijenge. Bustani ya Mama Ngina ya kando ya bahari pale Mombasa ilikarabatiwa ikafunguliwa Mashujaa Dei ya 2019, ilikuwa ya umma kabla na bado ni ya umma, Jumapili jioni familia zimekaa na mihogo zinaangalia meli zikiingia. Inawezekana! Na penye watu wamepuuzwa, korti imesema. 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba mradi wa bandari ya Lamu ulivunja haki za wakaaji, pamoja na haki ya utamaduni wao, ikaagiza wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Hapo korti iliona kuvua ni urithi sawa na jengo, na mvuvi asiyefika baharini huo urithi umeisha.

Na msiseme hayo ni ya Pwani. 1989 Uhuru Park, bustani ya umma hapa hapa Nairobi, ilikuwa ijengwe jumba la ghorofa 60, Wangari Maathai akakataa mpaka likaachwa, ndio leo unakaa kwa nyasi bure.

Wale mnasomea upangaji miji, kesho mtaletewa plani ya hoteli ama apatimenti za ufuoni muweke sahihi. Kabla ya kuangalia ghorofa, tafuteni njia. Iwe imechorwa, iwe kwa hati, iwe na upana wa mvuvi na nyavu zake na wa mtu wa kiti cha magurudumu, na ifunguliwe kabla msingi haujachimbwa, sio ahadi ya baadaye. Halafu nendeni wenyewe muitembee maji yakiwa yamejaa.

Maswali sasa, naona mkono pale dirishani. Karibu dada.