Namna ya Kuwinda Hua Bila Kuacha Maganda ya Risasi Shambani

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo nipo pembezoni mwa shamba la alizeti hapa Texas, jimbo ambalo zaidi ya asilimia 90 ya ardhi yake ni mali ya watu binafsi, hivyo mwindaji asiye na shamba huwinda kwa hisani ya mwenye nalo. Msimu wa hua katika kanda za kaskazini na kati hufunguliwa tarehe 1 Septemba, na mwenye shamba atakayekuwa anaokota plastiki nyekundu ya maganda malishoni mwa ng'ombe wake hadi Desemba hatakualika tena.

Kuhusu leseni, ruhusa na miwani ya kukinga macho sisemi kitu, hayo mnayajua. Anzeni na hesabu. Boksi moja lina risasi 25, basi njooni na boksi zima, msijaze risasi za kubahatisha mifukoni, ili mwisho wa mawindo maganda na risasi zilizobaki vikijumlishwa virudi kuwa 25.

Kwa ndege wanaohama, sheria ya shirikisho hairuhusu shotigani kubeba zaidi ya risasi 3 kwa wakati mmoja. Tumieni sheria hiyo kwa faida yenu: kila bunduki inapokwisha risasi, okoteni maganda hayo matatu kabla ya kujaza upya. Bunduki ya nusu otomatiki kwa kawaida hutema ganda upande wa kulia, kwa hiyo lazeni mabua ya upande huo kabla hamjaanza. Tazameni, nafyatua... Samahani, jua limeingia kwenye lenzi na hamkuona lilipoangukia. Wala mimi sikuliona. Subirini kidogo. Hili hapa, limesimama wima katikati ya mabua mawili, mdomo juu, bado linatoa moshi.

Ndiyo maana mimi napenda bunduki ya mitutu miwili inayokunjuka katikati, hata marafiki zangu wakiiita ya kizee. Elekezeni mitutu ardhini, funikeni ncha ya nyuma ya mitutu kwa kiganja, kisha ifungueni polepole ili maganda yaruke mkononi. Kiganja, si vidole! Kidole kikiingia kwenye mwanya wakati wa kufunga, kitabanwa. Narudia: toeni mkono kabisa, ndipo mfunge.

Maganda yanaingia kwenye mfuko huu wa wavu wa kiunoni, ambao naushona na kuuza mwenyewe. Wavu unapitisha vumbi na unyevu. La muhimu ni kwamba mfuko wa maganda usiwe mfuko wa risasi. Mtaokota pia maganda ya wageni wengine, na humo huweza kuwamo risasi nzima ya geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na 20 ni nyembamba kuliko 12), ambayo kwa kawaida huwa ya njano. Ikiingia kwenye bunduki ya geji 12, huteleza na kukwama ndani ya mtutu, na mtu akiweka risasi ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka. Kwa hiyo kinachookotwa chini hakiingii mfuko wa risasi, hata kama kinang'aa. Hakiingii.

Kwenye nyasi ndefu tumieni fimbo yenye sumaku. Vitako vingi vya maganda ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, navyo hunasa bila ninyi kuinama. Vya shaba tupu havinasi, hivyo macho bado yanahitajika.

Wengi wanasahau kikombe cha plastiki kinachobeba marisau, yaani vipunje vya ndani ya risasi, ambacho huangukia mita 20 au zaidi mbele yenu na sumaku haikigusi. Hesabuni kimoja kwa kila risasi iliyofyatuliwa, mkavitafute upande mliokuwa mkilenga mnapokwenda kuokota hua. Zipo risasi zenye kizibo cha nyuzi kinachooza badala ya kikombe hicho. Zinafaa, ila zijaribuni kwanza kwenye karatasi pana, kwani nyingi hutawanya marisau mapema zaidi.