"Guy" na "jamaa": maneno mawili yaliyopishana njiani

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nina neno moja tu la Kiingereza, ambalo mnalisikia katika kila filamu ya Kimarekani: "guy". Ukimuuliza mtu maana yake atakwambia "jamaa". Ni kweli. Lakini jamaa huyu mwanzoni alikuwa mtu mmoja mwenye jina lake, na aliuawa.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605, jijini London, Guy Fawkes alikamatwa chini ya jengo la Baraza la Malodi, sehemu ya Bunge la Uingereza, akilinda mapipa 36 ya baruti. Yeye na wenzake, Wakatoliki waliochoka kuonewa, walitaka kumlipua Mfalme James wa Kwanza siku ya kufungua Bunge. Aliteswa, akahukumiwa, na Januari 1606 akauawa. Bunge likaagiza tarehe 5 Novemba iwe siku ya shukrani kila mwaka. Watu wakawasha mioto, na baadaye wakawa wanachoma sanamu yake. Hebu itazameni: suruali kuukuu iliyoshindiliwa majani makavu, koti limechanika, kofia imekaa upande. Watoto waliizungusha mitaani wakiomba senti. Ndiyo iliyoitwa "guy".

Kufika karne ya 19, Mwingereza aliyevaa hovyo naye aliitwa "guy". Lilikuwa neno la dharau. Marekani likapoteza makali, likawa mwanamume yeyote yule.

Hapa ndipo ninapopapenda. Kiingereza kilipoacha "thou", neno lake la zamani la kumwita mtu mmoja, kikabaki na "you" kwa mmoja na kwa wengi. Sisi tuna "wewe" na "ninyi", adha hiyo hatuijui. Wamarekani wakaziba pengo kwa "you guys", na leo mhudumu wa mgahawa huwaambia hivyo hata wanawake wanne waliokaa meza moja. Wapo wanawake wanaolikataa, na mimi nawaelewa: asili yake ni ya kiume.

Sasa tazameni letu. "Jamaa" limetoka Kiarabu, maana yake kundi la watu, na kwetu likawa pia ndugu wa ukoo. Leo tunasema "kuna jamaa kanipigia simu". La wengi limemshukia mmoja, na lile la mmoja limewaenea wengi!

Kwa hiyo ninyi mnaotafsiri filamu, nawasihi: mabinti wakiitwa "you guys", msiandike "nyinyi wavulana", kama nilivyowahi kusoma. Andikeni "nyie".