Mfarishi Huharibikia Katikati

Mwangaluka, mama zangu na dada zangu. Na ninyi mafundi wawili mliokaa mlangoni kama mnaotaka kukimbia, sogeeni mbele, sitawauliza maswali.

Nimeambiwa niseme namna mtu anayeanza anavyoweza kushona mfarishi, lile funiko la kitanda la tabaka tatu, viraka juu, cha kujaza katikati na kitambaa chini, kwa cherehani ya nyumbani. Naona wengi mmekuja na mifuko ya viraka. Vitenge vimekatwa, vimepangwa kwa rangi, vingine vimeshapigwa pasi. Safi sana. Haya, nani amekuja na cha kutia katikati? Mmoja. Na kitambaa cha chini? Hakuna.

Ndiyo kesi yangu ya miaka yote. Nilipokuwa nafundisha sayansi kimu niliirudia mpaka wasichana wakaniita Mwalimu Katikati, wakidhani sisikii.

Mfarishi wangu wa kwanza nilimshonea mama mkwe, kule Urambo. Nina mwaka mmoja kwenye ndoa, natafuta sifa. Viraka vya juu nilivikalia wiki tatu: kitenge na cheupe, kitenge na cheupe, pembe zinakutana kama zimechorwa kwa rula. Kufika katikati, nikachungulia uani nikauona msufi. Sufi ni bure, ni laini, na mito yote niliyolalia utotoni ilikuwa ya sufi. Nikajaza. Chini nikaweka kaniki, imetoka dukani siku hiyohiyo, hata tone la maji haijaonja. Kisha nikapitisha mistari minne tu ya cherehani, maana sikutaka mishono iniharibie viraka vyangu.

Mama mkwe akaupokea kwa vigelegele. Majirani wakaitwa waje kuona. Akajifunika Juni yote na Julai yote, na baridi yetu ya alfajiri miezi hiyo mnaijua. Agosti akaufua, na mimi nipo. Ulipotundikwa kambani, sufi yote ikashuka chini kama viazi kwenye gunia, huku juu vimebaki vitambaa viwili vinapepea. Kaniki nayo ilikuwa imetoa rangi. Vyeupe vyangu vyote vimekuwa kama maji yaliyofuliwa sare za shule. Mama yule alikuwa na adabu. Akautazama, akanitazama, akasema: "Mwanangu, ahsante. Ulinipa mfarishi, sasa Mungu ameniongezea na mto."

Mnacheka. Mimi nililia njia nzima. Na zile pembe zangu zilizokutana, hakuna aliyeziuliza.

Sufi ilishuka kwa sababu nyuzi zake ni fupi na zinateleza, hazishikani. Kinachotakiwa katikati ni kitu kilichotandazwa kikashikamana, kiasi kwamba ukikinyanyua kwa ncha mbili kinakuja chote kama shuka. Najua kuna mtu anasema moyoni: pamba inalimwa Igunga na Nzega, kwa nini tununue? Inalimwa, ndiyo. Lakini ya shambani ina mbegu, na hata ikishachambuliwa bado ni mafungumafungu. Ukitaka kuitumia, ichane kama nywele, itandaze nyembamba, na mistari yako iachane vidole viwili, basi. Mifarishi ya zamani ya Marekani mnayoiona kwenye picha, mishono imesongamana mpaka inatisha, mnadhani ni urembo tu? Ni kuizuia pamba isitembee. Viwanda vilipojifunza kuishikamanisha, mistari ikaanza kuachana.

Pamba ya kiwandani huja na karatasi inayosema mistari iachane kiasi gani. Zipo zinazovumilia sentimita 10, zipo za 20 na zaidi. Kama imekatwa kwenye jora na karatasi haipo, usizidishe upana wa kiganja.

Pamba tupu hulala bapa, hupitisha hewa, na haitelezi chini ya sindano. Ndiyo rafiki wa anayeanza. Hunywea kidogo katika fuo la kwanza, asilimia 3 hadi 5, ndipo mfarishi unapata vile vikunjo vya kizee ambavyo wengine wanavipenda. Faiba, ile wanayotia kwenye mito na majaketi, ni nyepesi, hainywei, na ina joto. Oktoba ya Tabora utaitupa sakafuni kabla ya saa sita usiku. Ile nene inayovimba kama andazi msiiguse kabisa: inagoma kupita chini ya cherehani, na pasi ya moto inaiyeyusha. Upo pia mchanganyiko, pamba 80 kwa faiba 20, ukiupata chukua. Na muuzaji akikuapia kuwa ni pamba, mwombe uzi mmoja na kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na inaacha majivu. Faiba inajikunja kuwa kishanga kigumu.

Huna hela ya yote hayo? Blanketi kuukuu jembamba la pamba. Msinung'unike! Limeshanywea, limeshatoa rangi yake yote, na halihami. Sponji ya godoro hapana. Usiniulize kwa nini, jaribu kuifua uone inavyokunywa maji.

"Mwalimu, si ninunue tu blanketi jipya la dukani?" Nunua. Mimi siuzi mifarishi. Nazungumza na mwenye vipande vya vitenge vya miaka kumi kwenye sanduku.

Sasa cha chini. Hapa tulipo Tabora, nchi ya kale ya Unyanyembe, enzi za misafara kitambaa kilikuwa fedha. Marekani, kitambaa kile cha pamba kisichopakwa rangi, ilitoka Salem, Massachusetts, kwa meli mpaka Zanzibar, na babu zetu wapagazi wakaileta huku mabegani. Chakula kilinunuliwa kwayo, hongo, ada ya watemi ili msafara upite, ililipwa kwayo, ikipimwa kwa mikono: mikono minne shuka, minane doti. Yaani sisi wa Tabora kupunjwa kitambaa ni aibu mara mbili. Na bado mtu anakuja na cha chini kilicholingana sawasawa na cha juu! Cha chini kizidi sentimita 10 kila upande, kwa sababu ukishona tabaka tatu zinavutwa. Cha kati nacho kizidi kidogo.

Marekani inafaa, ila ifue kwanza, na ujue itaonyesha kila mshono uliopinda. Khanga yenye maua mengi inaficha makosa. Doti moja, ukiikata na kuziunga khanga zake ubavu kwa ubavu, inakupa kama mita moja na nusu kwa mbili. Inatosha kitanda cha futi tatu na nusu. Jina la khanga lisome kabla hujaishona chini ya mfarishi wa wifi yako. Kitenge kipya kina wanga, kifue mpaka kilegee. Satini inateleza, na shuka zilizofumwa kwa kubana sana sindano inazipita kwa shida. Chochote chenye rangi nzito kiloweke na kipande cheupe usiku mmoja. Kaniki yangu mnaikumbuka.

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi. Cha chini kitandaze sakafuni, uso chini, kibanwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kinyooke bila kuvutwa. Katikati juu yake, kisha viraka. Piga bandi, ile mishono mirefu ya muda, au tia pini za nepi kila baada ya kiganja, ukianzia kitovuni kwenda nje. Sindano namba 14, mshono wa milimita 3. Mstari wa kwanza upite katikati ya mfarishi, na yote uishone kuelekea upande mmoja. Cherehani ya mguu inatosha kabisa. Mikono yote miwili iko huru, na umeme ukikatika wewe hujui. Ulegeze ule msumari wa juu unaokandamiza mguu wa sindano. Na meza iwepo kushoto na nyuma, mfarishi usining'inie, ukining'inia unavuta sindano mpaka inakatika.

Maua ya kuzungusha kwa kushusha meno ya cherehani, hayo tuyaache, wala msianze nayo. Pindo la kumalizia nitawaonyesha kwa mikono, kwa maneno halieleweki. Mafundi, leteni hiyo cherehani hapa kwenye mwanga. Na wewe dada uliyekuja na cha katikati, ulisema ni pamba? Nipe kipande. Nani ana kiberiti?