Mashine Ikilala, Mshahara Haulali
(Mhadhara uliotolewa Lamu)

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Nashukuru kwa kunialika, na kwa kahawa pia.

Nimekuja kusema kwa nini ofisi huacha kuchapa zenyewe, zikatoa kazi hiyo nje, kwenye matbaa, yaani kiwanda cha uchapaji. Nianze na chumba kimoja ninachokijua. Nilisimamia uchapaji katika ofisi moja, jina naliacha. Tulikuwa na mashine kubwa, feni mbili, na rimu za karatasi zimepangwa hadi dirishani. Karatasi zile zilikunywa unyevu wa bahari. Ukiishika moja asubuhi, ncha zimejikunja kama jani kavu la mkungu. Ukiitia mashineni, inakwama. Tulizifunga kwa nailoni, tukaziweka juu ya mashine zipate joto. Bure. Mashine ilipokufa, fundi alitoka Mombasa: basi hadi Mokowe, kisha boti. Akafungua, akaitazama rola, akasema kipuri hana. Akarudi zake, nasi tukalipa safari.

Watu hudhani ofisi hutoa kazi nje kwa sababu bei ya matbaa kwa kila ukurasa ni ndogo. Wakati mwingine si ndogo. Hesabu iko kwenye siku ambazo mashine imelala, na mshahara wa mchapaji unaendelea. Sisi kazi ilitujaa Juni, wakati wa kufunga mwaka wa fedha, na wiki ya mkutano mkuu. Miezi mingine tulichapa fomu za likizo. Mwenye matbaa ana wateja wengi, mashine yake hailali.

Tena kuna ofseti, uchapaji wa kutumia mabamba ya chuma yanayobeba sura ya ukurasa. Kila rangi ina bamba lake, kwa hiyo picha ya rangi kamili, inayotokana na wino wa rangi 4, hudai mabamba 4 kabla nakala ya kwanza haijatoka. Ukichapa nakala 10,000, gharama hiyo huioni. Ukichapa 50, itakutoa jasho. Hizo 50 ni za mashine ya dijitali, inayochapa moja kwa moja kutoka kompyuta, isiyotaka bamba. Ofisi gani itaweka zote mbili?

Wala msione haya kutoa kazi nje. Benki Kuu ya Kenya haichapi noti zake yenyewe, na karatasi za kura za 2022 zilichapwa Ugiriki.

Ila, na hapa wenye ofisi mtaninunia, yule mzee wa chumba cha kuchapia msimwachishe kazi; awakagulie kazi inayotoka nje. Sisi tulimwachisha. Kazi ya kwanza kutoka nje ilikuwa vijitabu 500, kisu cha kukatia karatasi kimekula herufi ya mwisho ya kila mstari. Sampuli hakuna aliyeikagua. Aliyetia sahihi ya kupokea hakufungua hata boksi moja, na aliyetia sahihi ni mimi.