Kidole Kisichofungua Kitu: Mhadhara kwa Wasanidi wa Programu za Simu

Habari zenu jamani. Naona sura nyingi ninazozifahamu, kwa hiyo wapo watakaosema huyu kaja na lile lile lake. Ni lile lile. Nitaliacha siku programu za fedha zitakapokoma kunilazimisha nilirudie.

Sitaeleza kwa kirefu Keystore, ghala la funguo za siri la Android, ni nini, wala Secure Enclave, sehemu salama ya iPhone, inakaa wapi. Wote hapa mnaandika programu za simu, mnajua. Nina swali moja tu: mtumiaji akiweka kidole kwenye programu yako, ni kitu gani kinachofunguka?

Kwa wengi wenu jibu la kweli ni hili: unafunguka ukurasa unaofuata. Mfumo wa simu umesema "ndiyo, ni yeye", msimbo wako umeisikia hiyo ndiyo, umebadilisha skrini. Tokeni ya mteja, ile alama ya siri inayoiambia seva kwamba ni yeye, ilikuwa imekaa kwenye SharedPreferences, faili la kawaida la programu, tangu wiki iliyopita, wazi, na kidole hakijaigusa wala kuihitaji. Mnisikilize vizuri: hapo hamjaweka ulinzi. Mmeweka pambo.

Tazameni skrini. Programu hii ni ya mfano, nimeiandika kwa mtindo ule ule ninaoukuta kazini kila ninapoletewa programu niikague. Inaita BiometricPrompt, dirisha la kidole linatokea, na ndani ya onAuthenticationSucceeded, fanksheni inayoitwa kidole kikikubaliwa, inasoma tokeni na kuleta salio. Simu nimeiunganisha na kompyuta kwa waya, na Frida, zana ya kuingilia programu ikiwa inaendelea kufanya kazi, iko tayari. Simu iko mezani, hakuna anayeishika, dada pale mbele ni shahidi wangu. Dirisha la kidole hilo limekuja. Sasa naipeleka skripti.

Salio hilo hapo.

Skripti yenyewe ni mistari michache. Inaitafuta fanksheni ya mafanikio iliyo ndani ya programu, inaiita, kazi imekwisha. Sensa haikuulizwa kitu. Na skripti za namna hii haziandikwi upya kila mara, zimezagaa mtandaoni, mtu anachukua moja inamfanyia kazi kwenye programu nyingi kwa sababu sote tumenakili mfano ule ule. Ni sawa na kumweka mlinzi getini aseme "apite" au "asipite" huku nyumba nzima haina mlango. Atakayemnyamazisha mlinzi hana kitu kingine cha kuvunja.

Basi tufanyeje? Mlango wenyewe uwe ni ufunguo, ufunguo wa kriptografia, na ukae mahali ambapo hata programu yako haiwezi kuusoma. Unautengeneza ndani ya AndroidKeyStore, unaweka setUserAuthenticationRequired iwe kweli, na kuanzia Android 11 unaongeza setUserAuthenticationParameters yenye sifuri ya sekunde na AUTH_BIOMETRIC_STRONG. Ile sifuri ina maana kila matumizi ya ufunguo yanadai kidole chake. Halafu unaiita BiometricPrompt ukiwa na CryptoObject mkononi, kifungashio kinachoubeba huo ufunguo. Mtumiaji akigusa sensa, sehemu salama ya simu, ile iliyotengwa na Android yenyewe, inatoa hati fupi yenye muhuri wa HMAC, muhuri usioghushika bila ufunguo wa siri. Hiyo hati ndiyo Keystore inayoikagua kabla ya kuuruhusu ufunguo ufanye kazi. Frida inaweza kuiita fanksheni yako ya mafanikio mpaka jioni, hati haitazaliwa, ufunguo hautasaini kitu, tokeni uliyoifunga kwa ufunguo huo itabaki herufi zisizosomeka.

Na tafadhali, ukishapewa hiyo CryptoObject, itumie! Nimeona msimbo ambao mtu ameipeleka kwenye BiometricPrompt kama mwongozo ulivyosema, ikarudi, akaiacha hapo, akaenda kusoma tokeni kule kule ilikokuwa. Amepita njia yote ndefu kisha akaacha mlango wazi. Cipher iliyorudi ndiyo iifungue tokeni, au Signature iliyorudi ndiyo isaini muamala.

Mimi napendelea saini kuliko tokeni, hasa kwa fedha. Wakati wa kujisajili simu inazaa jozi ya funguo, ule wa umma unakwenda kwenye seva, ule wa siri hautoki humo ndani. Mteja akitaka kutuma shilingi elfu hamsini, seva inaleta namba nasibu ya kutumika mara moja tu, simu inaunganisha namba hiyo na kiasi na namba ya mpokeaji, kidole kinawekwa, yote yanasainiwa kwa pamoja. Seva inahakiki. Mtu akibadilisha mpokeaji katikati ya safari, saini inakataa. Akirudia ujumbe wa jana, namba nasibu inamkataa. Hapo kidole kimeidhinisha muamala huu, wa kiasi hiki, kwa mtu huyu, na seva inao ushahidi.

Najua kinachofuata, nimeshakisikia kwenye kila kikao: "Mzee, wezi wetu hawana Frida. Wezi wetu wanatuma meseji ya ile hela tuma kwenye namba hii." Sawa. Mtu aliyedanganywa akatuma kwa hiari yake, saini haitamwokoa, wala sitadai itamwokoa. Lakini fikiria wizi wa hatua ya pili. Tapeli anampigia mama, anajifanya huduma kwa wateja, anamchukulia PIN na ile namba ya uthibitisho iliyoingia kwa SMS. Au ameihamisha laini ya mama kwenye kadi nyingine, SMS zote zinamfikia yeye. Sasa anafungua programu yako kwenye simu yake. Kama mfumo wako unaridhika na PIN na SMS, pesa imekwenda. Kama kila muamala unadai saini ya ufunguo uliozaliwa ndani ya simu ya mama, tapeli ana PIN, ana SMS, na bado hana kitu, kwa kuwa ufunguo haunakiliwi. Atalazimika kusajili ufunguo mpya. Hapo kwenye usajili ndipo pa kuweka ukali wako wote: usikubali simu mpya kwa SMS peke yake, chelewesha viwango vikubwa, iarifu simu ya zamani. Nani hapa anasema wizi wa namna hii haupo kwetu?

Wengine mtasema Frida inataka simu iliyorutiwa, yaani iliyovunjwa vizuizi vya mfumo wake, na ya mteja haijarutiwa. Si lazima iwe imerutiwa. Programu yako inafunguliwa, inapachikwa kipande cha Frida, inafungwa tena na kusambazwa kama faili la APK kwenye magrupu ya WhatsApp, "toleo jipya lisilokula bando". Mnayajua hayo magrupu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, na hili halihitaji kompyuta wala waya. Simu zetu hazikai na mtu mmoja. Mtoto anacheza gemu, mpwa anatumwa kununua luku ya umeme, mke na mume wanajuana namba ya siri ya skrini. Anayeijua namba ya siri ya skrini anaingia kwenye mipangilio na kuongeza kidole chake, ni jambo la dakika moja. Kuanzia hapo, simu haitofautishi kidole cha shangazi na cha mpwa. Vyote ni vidole vilivyosajiliwa. Programu yako ikiuliza "ni yeye?", jibu litakuwa ndiyo.

Android wameliona hili zamani. Ufunguo unaodai kidole kwa kila matumizi unakufa pale kidole kipya kinaposajiliwa, na tangu Android 7.0 kuna swichi ya kuuua hivyo, setInvalidatedByBiometricEnrollment, ambayo tayari iko kweli bila wewe kuandika chochote. Kwa upande wa iPhone unachagua biometryCurrentSet, yaani vidole vilivyopo sasa tu, unapoweka kitu kwenye Keychain, ghala la siri la iPhone; ukichagua biometryAny, yaani kidole chochote kitakachosajiliwa, umemkaribisha mpwa. Ulinzi mmeshapewa. Na bado nakuta mtu ameuzima, ameandika false kwa mkono wake mwenyewe! Ukimuuliza anasema wateja walilalamika kwamba programu inawatoa nje.

Kuna kosa baya kuliko hilo, kwa sababu linaonekana kama kazi safi. Ufunguo ukifa, msimbo unarushiwa taarifa ya kosa, KeyPermanentlyInvalidatedException. Msanidi anaikamata, anafuta ufunguo wa zamani, anazaa mpya, anausajili kimya kimya, programu inaendelea bila mteja kuona lolote. Mkaguzi wa ubora anafurahi, hakuna kuanguka. Lakini angalia kilichotokea: mpwa ameongeza kidole, ufunguo ukafa kama ulivyotakiwa, na wewe ukampa mwingine. Kufa kwa ufunguo ndiyo kengele yenyewe. Ikilia, mrudishe mtumiaji kwenye PIN ya programu, ile ambayo si ya skrini, na umweleze kwa Kiswahili kinachoeleweka: "Kuna alama mpya ya kidole imeongezwa kwenye simu hii. Kama si wewe, badilisha namba ya siri ya simu yako." Andikeni sentensi hiyo. Mteja hatalalamika akijua kwa nini.

Msidhani nazungumzia nadharia ya vijijini kwetu tu. Oktoba 2019, Uingereza, mwanamke mmoja aliweka protekta ya skrini ya bei rahisi kwenye Samsung Galaxy S10 yake, na simu ikaanza kufunguka kwa kidole cha mumewe ambacho hakijawahi kusajiliwa. Sensa ilikuwa inasoma michoro ya ile protekta. Samsung walitoa marekebisho, ila kabla ya hapo baadhi ya benki zililazimika kuzima huduma ya kidole kwa simu hizo. Jiulize: ikitokea kesho kwa aina moja ya simu inayouzwa Kariakoo, seva yako ina swichi ya kuzima kidole kwa aina hiyo bila kusubiri watu wasasishe programu? Kama haina, andika Jumatatu.

Hapo nagusia ubora wa sensa. Android inazipanga kwa madaraja. Daraja la 3 haliruhusiwi kumkubali mgeni zaidi ya mara moja katika majaribio 50,000, na kwa alama za bandia kiwango cha kukubali kisizidi asilimia 7. Daraja la 2 linaruhusiwa hadi asilimia 20 kwa bandia. Ni daraja la 3 pekee linalofungua funguo za Keystore. Simu nyingi za bei nafuu zinatambua sura kwa kamera ya kawaida ya mbele, na hizo mara nyingi hazifiki daraja la 3. Usimkubalie meneja wa bidhaa anayetaka "sura kwa kila simu". Mwambie: sura ile inatosha kufungua skrini, haitoshi kutuma pesa.

Muda unanikimbia, mwenyekiti ameshanionyesha saa. Haya ninayapitia haraka.

Kuna wanaotaka kuzipeleka alama za vidole kwenye seva zao ili mteja atambulike popote. Usifanye. Marekani mwaka 2015, ofisi ya serikali inayoshughulikia watumishi wa umma iliibiwa. Walianza kwa kusema alama za vidole vya watu milioni 1.1, kisha wakasahihisha kuwa milioni 5.6. PIN inabadilishwa. Watu hao watabadilisha nini? Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za bayometria kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa mfumo niliouonyesha, seva inabaki na ufunguo wa umma tu. Ukiibiwa huo, hakuna anayeumia.

Na kidole hakiwezi kuwa siri. Septemba 2013, siku chache tu baada ya iPhone 5s kutoka, Chaos Computer Club ya Ujerumani waliifungua kwa alama iliyopigwa picha kutoka kwenye kioo. Ndiyo maana nguvu yote tunaiweka kwenye ufunguo uliomo ndani ya simu: mwenye nakala ya kidole bado anahitaji simu yenyewe.

Wenzetu wa iPhone: evaluatePolicy ya LAContext, njia ya kuuliza kidole kule, ina ugonjwa ule ule wa ndiyo na hapana. Tumieni Keychain yenye kizuizi cha SecAccessControl, na WhenPasscodeSetThisDeviceOnly ili kitu kisihamie simu nyingine kupitia nakala rudufu. Kumbukeni pia kwamba ukiondoa programu, vilivyomo kwenye Keychain vinabaki, kwa hiyo programu ikiwashwa mara ya kwanza vifuteni.

Halafu fundi ujenzi, mkulima wa mkonge, mama anayefua kwa mikono kutwa nzima. Vidole vyao sensa haivisomi, na wengi waliyaona hayo hayo kwenye usajili wa laini kwa alama za vidole mwaka 2019. Hawa ni wateja wetu wa kweli. Njia ya PIN iwe kamili na iheshimike, si mlango wa nyuma wenye ulinzi dhaifu: PIN ihakikiwe kwenye seva, majaribio yahesabiwe huko huko.

Nilitaka kusema juu ya cheti cha uthibitisho wa ufunguo, kile kinachoiwezesha seva kujua kwamba ufunguo umezaliwa ndani ya maunzi ya simu na si kwenye emuleta, simu ya kuigiza iliyo ndani ya kompyuta. Slaidi zake zipo, nitazituma.

Maswali tuyafanyie nje. Waya ninao na kompyuta iko wazi. Mwenye programu yake kwenye simu na ruhusa ya kazini kwake aje nayo, tuijaribu pale pale, na kama salio litafunguka bila kidole tutakaa pamoja kurekebisha kabla hamjaondoka.